Muuza Kuni Aliyeogopa Miti

Faki Msellem mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kujicheka, kwa hivyo sisi tuliomcheka baada yake hatuna dhambi. Ukimkuta amekaa kwenye gogo lake nyuma ya soko la Malindi, matita ya kuni yamemzunguka, ukamuuliza imekuwaje Mbajuni wa Faza ameacha bahari akauza kuni, alikuwa akikujibu kwamba Mungu alimpa kila kitu cha ubaharia, jina, ukoo na hata mwendo wa kupepesuka, akamnyima tumbo tu. Mashua ikitikiswa kidogo bandarini, kamba hazijafunguliwa, Faki keshatapika. Babake alivumilia mpaka watu wakaanza kuuliza kama kijana ana mimba. Ndipo akamwambia nenda mwanangu, katafute kazi isiyotikisika. Faki akashuka Malindi, akatazama huku na huku, akaona kuni zimelala chini kimya, akasema hapa ndipo pangu.

Hiyo ilikuwa zamani. Kufikia mwanzo wa miaka ya themanini alikuwa mtu mzima mwenye kitambi, na mji mzima ukimwita Faki Kuni. Malindi ya wakati ule ilikuwa ikila kuni usiambiwe. Matanuri ya mikate yalitaka kuni, akina mama wa mahamri na vitumbua walitaka kuni, wachoma chokaa walitaka kuni, na mahoteli ya ufuoni yalitaka kuni za kuchomea samaki mbele ya wageni, maana Mzungu akipewa samaki aliyepikwa jikoni humwona hana ladha. Wote walikwenda kwa Faki, naye aliwapa kuni na hotuba juu yake. Mkwaju, alikuwa akisema, ni moto wa mtu mzima, hauna haraka. Mwembe ni moshi mtupu, huo mpe adui yako. Mkanju hurusha cheche, usiupikie karibu na mtu aliyevaa kanzu mpya. Ungemsikia ungedhani miti yote hiyo aliizaa yeye, na shoka lenyewe alikuwa hajalishika tangu ajue kukaa.

Walioshika shoka ni Charo na wenzake, Wagiriama wa Ganda, waliozileta kuni mjini kwa baiskeli na vichwani. Charo alikuwa mtu wa maneno machache na viganja vipana. Zamani alikuwa akifika soko halijachangamka. Kadiri miaka ilivyokwenda akawa anafika adhuhuri, hoi, na kuni zenyewe ni vijiti vya kuonea aibu. Mikoko ilikuwa imepigwa marufuku, askari wa msitu walikuwa hawana mzaha, na vichaka vya karibu vilikuwa vimekwisha kwa mashoka ya watu kama yeye na matumbo ya watu kama sisi. Siku moja akautua mzigo, akajifuta jasho, akasema, "Bwana Faki, kuni zinatukimbia."

Faki akalipeleka neno hilo nyumbani kama kichekesho. Mkewe, Shekha, hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye mbuzi akikuna nazi, akasema bila ya kuinua kichwa:

"Zikikukimbia, zipande."

"Kuni hazipandwi, Mama Nana. Kuni huokotwa."

"Nani kakwambia?"

Hakuna aliyemwambia. Faki akaomba chai.

Shekha alikuwa na shamba upande wa Mambrui, alilorithi kwa babake, Mungu amrehemu. Lilikuwa mchanga mtupu na minazi michache iliyochoka, na ndugu zake walimwachia kwa moyo mweupe kwa sababu hawakuona cha kugombania. Akaenda akaokota mbegu chini ya mivinje mikubwa ya ufuoni, akachukua na udongo wa pale pale, kwa kuwa mche wa mvinje usipoonjeshwa udongo wa mama yake huwa mnyonge. Miche akaiotesha kwenye zile pakiti za maziwa za pembe tatu ambazo watoto wa skuli walikuwa wakizitupa njia nzima. Masika yalipoingia akaipanda shambani mistari kwa mistari. Faki alikwenda kumsaidia siku ya kwanza, akapanda michache, akashikwa na kiuno, akakaa kivulini kuwaelekeza wengine. Mwaka wa ule ukame mkubwa, themanini na nne, Shekha alichota maji kisimani kwa madebe, jioni baada ya jioni, akainywesha miti mmoja mmoja huku minazi ya jirani ikikauka wima. Faki alikuwa na shughuli za biashara, maana yake alikuwa amekaa kwenye gogo.

Miti ikashika. Mvinje hauna makuu, ukishapata mizizi huenda juu tu. Na raha ya muuza kuni ni kwamba mvinje huwaka hata ukiwa mbichi, ukiukata leo kesho uko jikoni, na makaa yake hukaa. Faki alipoyaona hayo, shamba likaanza kubadilika jina. Mwanzo lilikuwa shamba la Mama Nana. Mivinje ilipofika magotini likawa shamba letu. Ilipompita kichwa likawa shamba langu, na pale kwenye gogo akawa anawaeleza watu jinsi alivyolifikiria jambo hili la kupanda kuni kwa muda mrefu. Shekha alisikia, akaendelea na miti yake. Kanuni zake zilikuwa chache: matawi makavu ya chini ni ya jikoni mwake, mti mchanga hauguswi, na unapokatwa mti papo hapo unapandwa mwingine. Nyingine zote alimwachia mumewe aseme, kwa kuwa kusema ndiko alikokuweza.

Sasa, mti ukiwa mrefu huonekana na wengi. Asubuhi moja Faki alikwenda shambani na mgeni wa kumringia, akakuta visiki vibichi, boriti zimekwenda. Wiki nyingine vivyo hivyo. Angeweka mlinzi, lakini mlinzi hutaka kula kila siku. Mtu akamnong'oneza habari za Nzai wa Tezo, mganga aliyesifika kwa kago, yaani zindiko la kulindia shamba: likishafukiwa, mwizi akitia mkono humvimba tumbo. Faki alikuwa mtu wa swala tano, na msikitini alikuwa akiwasema sana wanaokwenda kwa waganga. Ndiyo sababu alimwita Nzai siku ambayo Shekha alikuwa matangani, na akampitisha njia ya nyuma.

Nzai alikuwa mzee mwembamba mwenye kikohozi. Alichimba pembe za shamba, akatundika chupa yenye kitambaa chekundu pale pa kuingilia, kisha kabla ya kufukia chochote akauliza:

"Mwenye shamba ni nani?"

"Mimi," Faki akasema.

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, Faki bin Msellem."

Angesema ni la mkewe, Nzai angetaka mke aitwe, na Shekha angewatimua wote wawili kwa mwiko. Lakini tusimtafutie udhuru. Neno lile "mimi" lilimkaa vizuri mdomoni, na alipolisema mara ya pili lilikuwa tamu zaidi. Nzai akamtazama, akakohoa, akafukia vitu vyake, akapewa haki yake, akarudi kwao Tezo.

Kago ambalo watu hawalijui halimzuii mtu, kwa hivyo Faki akalitangaza. Sokoni, barazani, kwa kinyozi, kila alipokaa alisimulia habari za mwizi mmoja, hakutaka kumtaja jina, aliyekata boriti moja tu ya mvinje. Mtu huyo alivimba tumbo hata hawakuweza kumtoa ndani mpaka mlango ukabomolewa. Mwizi huyo hakuwahi kuzaliwa. Faki alimtunga siku moja akinywa kahawa, na kila alipomsimulia alimwongezea tumbo kidogo. Wizi ukakoma kabisa. Watu wakawa wanapita mbali na shamba, na Faki akajiona ana akili kuliko serikali.

Shekha aliiona chupa, akauliza ni nini.

"Ya kutishia ndege," Faki akasema. Ndege gani wanaokula mivinje hakusema.

Shekha akaingia shambani kuokota matawi yake makavu kama kawaida, na akaendelea kuingia kila siku, wala tumbo halikumsumbua. Faki alilishangaa jambo hilo kimoyomoyo. Akasema labda ni dua zake za alfajiri.

Mwaka wa themanini na sita binti yao wa pekee, Nana, akaposwa na kijana wa Mambrui, mtoto wa Bwana Seif Badawi, mzee mpole mwenye pikapu na maneno ya kupima. Siku ya posa mambo yalikwenda vizuri mpaka Faki alipofungua mdomo. Akasema mengine yote tutaelewana, lakini kuni msiniulize. Biriani ya harusi hii itapikwa kwa mivinje ya shamba langu, mwanangu haozwi kwa kuni za kuokota. Wageni wakasema mashallah. Nyuma ya pazia Shekha alisikika akiliweka chini sinia la vikombe, kwa nguvu kidogo.

Harusi ikawekwa Mfunguo Mosi, siku chache baada ya Idi. Ramadhani nzima Faki aliuza kila ukuni mkavu aliokuwa nao uani, maana katika mwezi ule wapika mikate hawabishani bei, na yeye ana msitu wake unamngoja. Masika ya mwaka ule yakakataa kwisha. Ilinyesha siku ya Idi, ikanyesha baada ya Idi. Njia za bara zikawa matope, kuni za vichakani zikawa ukizikamua zinatoa maji, na mjini hapakuwa na mtu mwenye tita kavu la kumpa mwenzake. Wiki ya harusi ikaingia hivyo.

Gharib, mpishi wa shughuli, akaja uani kukagua. Huyu ni mtu ambaye siku za harusi huogopwa kuliko kadhi.

"Kuni ziko wapi?" akauliza.

"Shambani. Zimesimama."

"Nami nizipikie zimesimama?" Gharib akazunguka ua mtupu, akapiga teke maganda. "Faki, biriani si chai. Nataka moto wa chini uliotulia, na makaa ya kupalia juu ya vifuniko. Kesho kutwa nisipozikuta kuni hapa, mtafute mpishi wa uji."

Faki akamwita Charo na wenzake, wakaenda Mambrui na mashoka begani. Walipofika penye chupa na kitambaa chekundu wakasimama wote kwa pamoja.

"Vipi?" Faki akauliza.

"Hapa pana kago, Bwana Faki," Charo akasema.

"Ni langu hilo. Nawaambia kateni."

Wakatazamana. Charo akaliweka shoka chini taratibu. "Na yule bwana aliyebomolewa mlango?"

"Charo, yule mtu hayupo. Nilimtunga mimi."

Wakamtazama kwa huruma. Mmoja wao akasema si vizuri kumkana marehemu, kama alikufa aseme alikufa. Faki akaapa kwa Mungu kwamba hakuna mwizi, hakuna mlango, hakuna tumbo. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kurudi nyuma. Alikuwa ameisimulia hadithi ile vizuri mno, na uongo uliosimuliwa vizuri hauna wa kuuvunja, hata aliyeutunga.

"Mwite Nzai aje alitoe," Charo akasema. "Akilitoa, tunakata hata na mvua."

Nzai alikuwa amekufa mwaka uliopita. Habari hiyo Faki alikuwa nayo. Alipoipata alisema innalillahi, halafu akafikiri, kwa furaha kidogo, kwamba sasa kago lake hakuna awezaye kuliondoa. Alisimama pale mvuani akayakumbuka mawazo yake hayo, akacheka peke yake, kisha akaacha kucheka.

Kesho yake asubuhi akasema mambo haya yatanishinda mimi, mtu wa swala tano? Akaazima shoka, akaenda shambani peke yake. Akachagua mvinje uliokomaa, akasoma alichojua kusoma, akainua shoka. Tumbo likanguruma. Akalishusha shoka, tumbo likanyamaza. Akaliinua tena, tumbo likasema tena, safari hii kwa ufasaha. Jana yake alikuwa amekula maharage ya nazi, sahani mbili, na alijua fika kwamba ni maharage. Lakini saa hiyo kujua hakukumfaa kitu. Alitupa shoka, akakimbilia kichakani, akakaa huko kwa muda. Aliporudi mjini alisema alikwenda kuichagua miti tu.

Hapo ndipo hofu ya kweli ilipomwingia, na haikuwa ya kuvimba. Alimwona Nana amekaa amepambwa, hina mikononi, na nje wageni wa Mambrui wamekunja miguu mikekani wakingoja chakula ambacho hakikupikwa, kwa sababu babake bibi harusi, muuza kuni, hana kuni. Neno kama hilo halimwachi mwanamke. Angesimangwa nalo ukweni mpaka apate wajukuu. Faki alikuwa akicheza na kila kitu duniani, lakini kwa Nana hakuwa na mchezo. Alimpenda mtoto yule mpaka akaona uchungu kifuani, akavaa viatu, akaenda stendi.

Alishuka Tezo akaulizia kwa marehemu Nzai. Alimkuta binti wa mzee, Hannah, mama wa makamo mwenye kitambaa cha kanisa kichwani, akipalilia mihogo. Wakasalimiana vizuri, Faki akampa pole ya msiba, akaletewa kigoda na maji. Akaeleza haja yake kwa sauti ya chini, kama mtu anayenunua kitu asichotaka kuonekana nacho.

"Mimi nimeokoka, baba," Hannah akasema. "Vyombo vya mzee tulimzika navyo. Kutoa kago sijui, na ningejua nisingekuja."

Uso wa Faki ukaanguka hata yule mama akamwonea huruma. Akaliegemeza jembe.

"Lakini kwani unahangaika na nini? Kago halimli mwenyewe. Mzee alikuwa akilisema hilo kila siku. Mwenye shamba hukata atakavyo, na aliyepewa ruhusa na mwenye shamba hukata. Linamtaka mwizi tu."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu. Shamba si lako?"

Faki akayanywa maji yote. Akaitazama mihogo, akasema mihogo hii imekubali sana.

"Baba, nimekuuliza. Shamba si lako?"

"La mke wangu," Faki akasema.

"Na mzee ulimwambia hivyo?"

"Nilimwambia langu."

Hannah akauma midomo kwa heshima ya mgeni, lakini mabega yalikuwa yakimtikisika. Akageuka upande akajifanya anakohoa. Alipopata sauti yake akasema, "Basi huna kazi na mimi, baba. Rudi nyumbani ukaombe ruhusa."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Njia nzima ya kurudi Faki alikuwa akijisemea hayo, akijiona jinsi alivyoleta mlinzi kutoka mbali, akampa haki yake, akamwonyesha mwizi wa kumkamata, na mwizi ni yeye. Abiria wa jirani alimwona akitikisa kichwa akamuuliza kama ni mgonjwa. Akajibu kwamba ni mzima, ni mjinga tu.

Alipofika mjini akaendelea mpaka Ganda, akampitia Charo kwake akamweleza maneno ya Hannah. Charo alisikiliza mpaka mwisho, wala hakushangaa.

"Twajua, Bwana Faki. Ndivyo lilivyo kago."

"Mbona jana nilipowaambia kateni hamkukata?"

Charo akaangalia miguu yake. "Ukame ule tulimwona mama akibeba maji. Lakini wewe ni mtu mzima. Mtu mzima ataambiwaje shamba si lako?" Akafikiri kidogo. "Tutakata tukimsikia mwenyewe."

Kumbe kila mtu alijua, kuanzia Ganda hadi Mambrui, na yeye ndiye aliyebaki gizani na sauti yake. Akaenda nyumbani. Shekha alikuwa akichambua mchele wa harusi, gunia wazi miguuni, wanawake wa mtaa wameshakwenda zao.

"Mama Nana," Faki akaanza, "nilikuwa nasema. Waonaje nikiikata ile miti?"

"Miti ipi?"

"Ile ya kule."

"Mwenye shamba si wewe? Waulize wakwe zako, wao wanajua." Akaitupa punje moja ya mchanga nje ya ungo. "Au ile chupa yako ya ndege imekukataza?"

Faki akakaa chini. Mwanamke aliyezaliwa Malindi akakosa kujua chupa yenye kitambaa chekundu ni ya nini? Alijua tangu siku ya kwanza. Faki akamweleza yote, Nzai, na mwizi wa kutunga, na maharage, na Hannah. Penye maharage Shekha alicheka, hakuweza kujizuia. Faki akaona mlango umefunguka kidogo, akauingia upesi.

"Basi niruhusu. Sema kata, tulale."

Kicheko kikafutika usoni mwa Shekha. "Ruhusa ya hapa haifiki Mambrui. Uliposema ni lako palikuwa na watu, Baba Nana. Nami nilikuwa nyuma ya pazia, na chai ya wageni mkononi." Akauchukua ungo tena. "Kesho nitakuja shambani."

Kulipokucha mvua ilikuwa manyunyu. Charo na wenzake walikuwa wameshafika, wamejikusanya upande wa nje wa chupa. Gharib mpishi alikuja kuhakikisha kwa macho yake. Faki alikuwa ameomba pikapu ya Bwana Seif ya kubebea kuni, na njia nzima aliomba Mungu aje dereva peke yake. Akaja Bwana Seif mwenyewe, kwa heshima ya ukwe, na mwavuli. Shekha alifika wa mwisho, na buibui lake, akasimama kando.

Bwana Seif aliinua macho akaitazama mivinje inavyovuma. "Mashallah, Bwana Faki," akasema. "Kumbe huu ndio msitu wako."

Faki angeweza kusema ahsante. Ulimi ulikuwa umeshajipinda kuisema, kwa mazoea. Akamtazama mkewe, ambaye hakumtazama. Akaona viganja vyake vilivyoshika ncha ya buibui, na makovu ya mishikio ya madebe bado yako pale, na aibu ikampanda kutoka miguuni. Haikuwa aibu ya kuchekwa. Hiyo aliizoea.

"Si wangu, Bwana Seif," akasema. "Shamba ni la Shekha, alirithi kwa babake. Miti aliiotesha yeye, na mwaka wa ukame ni yeye aliyeinywesha. Mimi kazi yangu ilikuwa kusema. Siku ya posa nilikwambia ni langu, na kwa mganga nilisema ni langu, na kote huko nilikuwa nikisema uongo." Gharib akaacha kutafuna tambuu. Faki akamgeukia mkewe, na mizaha yote ya miaka ile ikamkimbia, hakupata hata mmoja wa kumshika mkono. "Mama Nana, nakuomba ruhusa nikate kuni za harusi ya mwanetu."

Shekha aliitazama miti, mstari kwa mstari, ile iliyonyooka na ile iliyopinda mwaka wa kiu. Macho yake yalikuwa yamejaa, naye si mwanamke wa kulia mbele ya watu.

"Mistari hii ya mbele," akasema. "Ya nyuma iacheni ikomae. Na miche ya kupanda mahali pake iko nyumbani, nilishaiotesha."

"Nimesikia."

"Basi kata, Baba Nana. Ungeniomba siku yoyote ningekupa."

Faki akamnyang'anya Charo shoka kabla mtu hajamwona uso, akalipiga shina la kwanza, pigo bovu la mtu asiyejua, akapiga tena. Charo na wenzake wakaingia, mashoka yakaanza kuitikiana. Gharib akamsogelea Faki, akainama kumtazama, akamuuliza analia nini.

"Moshi," Faki akasema.

Gharib akatazama huku na huku. Mvua ilikuwa inanyesha, na moto ulikuwa haujawashwa popote.